Siku Naserian Alipofundishwa "Much"

Sweta ya Naserian ilinukia moshi wa kuni. Tuliketi dawati moja katika shule ya msingi nje kidogo ya Kitengela, mahali ambapo miaka hiyo ya tisini nyumba za mabati ziliishia na mbuga ikaanza, na kila asubuhi moshi ule ulinifikia kabla hajanisalimia. Niliupenda. Ulinikumbusha jiko la nyanya yangu kule Ukambani, tulikohama baba alipopata kibarua katika kiwanda cha saruji. Tulipokuwa darasa la sita mvua ilikataa kabisa. Upepo uliingiza vumbi darasani kupitia madirisha yasiyo na vioo, likatua juu ya vitabu, juu ya nyusi, hadi ndani ya chakula tulichobeba. Maji yalikuja kwa mikokoteni ya punda, na mama aliponunua mtungi mmoja, tulioga kwa zamu katika beseni moja, mimi nikiwa wa kwanza kwa sababu ndimi niliyekuwa nikienda shule. Ndugu yangu mdogo, aliyeoga mwisho, alioga matope.

Naserian na mama yake walikuwa wametoka Mashuuru baada ya ng'ombe wao kufa, wakaja kukaa kwa shangazi yake ng'ambo ya mto uliokauka. Walibaki na mbuzi wachache. Maji waliyochota mbali yalikuwa ya mbuzi kwanza, kisha ya kunywa, na kilichobaki hakikutosha kulowesha kitambaa. Alikuwa msichana mrefu, mwepesi wa hesabu, mwenye kucheka huku amefunika mdomo. Alinifundisha kuinamisha kichwa mbele ya mama yake, nisubiri mkono wake utue juu ya nywele zangu na salamu yao ya Kimaasai, "Takwenya", kisha niitikie "Iko". Mama yule alinipokea kwa tabasamu kila mara, kana kwamba nilikuwa wa kwao.

Kiingereza tulifundishwa na Mwalimu Gideon. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi mwaka mzima, hata wakati wa vumbi, na wazazi walimsifu kwa kuwa wanafunzi wake walipita mtihani. Muhula ule alikuwa akitufundisha kulinganisha. Kwa Kiswahili jambo hili halimsumbui mtu: fulani ni mrefu kuliko mwenzake, na ukitaka kukazia unaongeza "sana" au "zaidi", kazi imekwisha. Kiingereza kina masharti. "Very" hukubaliwa kando ya "tall", lakini "tall" ikishageuka "taller", "very" hufukuzwa na kiti chake huchukuliwa na "much" au "far". Tofauti ikiwa ndogo, unasema "slightly". Sisi tulioota meno kwa Kikamba na Kimaasai, tukajifunza Kiswahili barabarani, tulisema "very taller" bila kufikiri, na kila aliyesema hivyo alinyoosha mkono apigwe. Mwanzoni mwalimu alilinganisha vijiti na vipande vya chaki. Kisha akaanza kutuita sisi. Nani mnene, nani mfupi, nani mwenye viatu vibovu. Darasa lilicheka, na kila mtu aliomba moyoni jina lake lisitajwe.

Asubuhi moja alituita mimi na Naserian tusimame mbele. Aliandika ubaoni kwa herufi nzuri, zilizolala upande mmoja, kwamba Mwikali, yaani mimi, ni msafi kwa mbali kuliko Naserian: "Mwikali is much cleaner than Naserian." Akachora mstari mwekundu chini ya "much". Akaniambia nisome kwa sauti, darasa linifuate.

Nilimtazama Naserian. Alikuwa anatazama miguu yake, na mimi pia nikaiona, imepauka kwa vumbi la njia aliyokuwa ametembea tangu alfajiri. Nikasema, "Naserian is much taller than me."

Sentensi ilikuwa sahihi. Nilijua hivyo, na mwalimu alijua.

"Nimekuuliza urefu?" alisema. "Nyoosha mkono."

Alinichapa viganja vyote viwili, kisha akamgeukia Naserian kwa sauti ya upole ambayo naichukia hadi leo. "Haya, wewe. Mwenzako amekataa kukusema, basi jiseme. Anza na 'I am'. Tumia 'dirty'."

Naserian alinong'ona kitu. Mwalimu akamwambia apaze sauti.

"I am very dirtier than Mwikali," alisema.

"Not very. Much. Rudia."

Akarudia, na "very" ikatoka tena. Darasa likacheka. Akarudishwa tena, na tena, machozi yakichora michirizi kwenye vumbi la mashavu yake, na kila mara mwalimu alimkatiza palepale, kwa subira, kama fundi anayenyoosha msumari: "Not very. Much." Kicheko kilipungua kikaisha. Watoto waliokuwa wakicheka walianza kutazama madawati yao. Alikuwa anamlazimisha msichana wa watu ajiite mchafu, na kosa pekee aliloliona katika jambo lote hilo lilikuwa "very".

Hatimaye ikatoka kama alivyotaka. "Good," mwalimu alisema. "Mpigieni makofi." Darasa likapiga makofi. Viganja vyangu vilikuwa vinawaka, lakini hata kama visingewaka nisingepiga.

Nyumbani nilimweleza mama yote. Alikuwa akikata sukuma wiki, akaweka kisu chini. "Wewe unaoga maji ya kununua," alisema. "Yeye aoge nini?" Alijifunga leso akavuka ule mto mkavu kwenda kumtafuta mama Naserian, na kesho yake wote wawili walikuwa mlangoni mwa ofisi ya mwalimu mkuu, mama yangu na Kiswahili chake cha Kikamba, mama Naserian na Kiswahili chake cha soko la mbuzi. Sisi wasichana tuliambiwa tusimame kando. Mwalimu Gideon akaitwa.

"Ile neno uliambia mtoto yangu aseme," mama Naserian alimwambia, "niambie mimi na Kiswahili."

"Mama, ulikuwa mfano tu wa sarufi."

"Mimi sijui sarufi. Niambie hiyo maneno."

Mwalimu alitazama dirishani. Mwalimu mkuu ndiye aliyejibu. "Mama, hiyo ni Kiingereza ya mtihani. Watoto wote wanapitia. Tusikasirikie mwalimu anayefanya kazi yake."

"Watoto wote wameambiwa ni wachafu?" mama yangu aliuliza.

Mwalimu mkuu akasema kwamba hakuna aliyeitwa mchafu, kwamba usafi ni muhimu shuleni, na kwamba ana mkutano. Hakuna aliyeomba msamaha. Mama Naserian alimtazama Mwalimu Gideon bila kupepesa macho, naye hakumtazama hata mara moja. Kisha akamshika binti yake mkono. "Huyu atasoma," alisema. "Lakini si hapa." Wiki hiyohiyo walirudi Mashuuru, ambako ukame ulikuwa mbaya kuliko kwetu. Mimi nilibaki na dawati lote peke yangu, na Mwalimu Gideon akaendelea na somo lililofuata.

Naserian alisoma, kama mama yake alivyosema, akamaliza darasa la nane. Leo ana duka la dawa za mifugo Mashuuru na watoto wawili wanaomzidi kimo. Tulikutana tena tukiwa watu wazima, na tunapigiana simu. Anaongea Kimaasai, Kiswahili, hata Kikamba cha kunitania. Lakini mteja akiingia na Kiingereza, humwita binti yake atoke nyuma amhudumie. Nilimuuliza mara moja kwa nini. "Nikisikia tu," alisema, "naanza kuangalia miguu yangu."

Kitengela imejaa maghorofa. Kiboko kilipigwa marufuku. Mimi Kiingereza kinanilisha. Nafanya kazi ya kutafsiri Nairobi, na katika "much" na "far" sikosei kamwe. Hilo ndilo linalonichoma zaidi, kwamba ninachokula nilifundishwa na mtu yule, siku ile, kwa machozi ya rafiki yangu. Watu niliosoma nao huniambia nimsamehe, kwamba nyakati zilikuwa hivyo, kwamba alitufikisha. Alitufikisha akina nani?

Mwalimu Gideon alipostaafu, wenzangu hao walipanga sherehe ya kumshukuru. Mmoja wao alinipigia akiniomba nitoe hotuba kwa niaba ya wanafunzi wa zamani, kwa Kiingereza, ili mzee aone matunda ya kazi yake. Kabla ya kujibu nilimpigia Naserian. Nilisikia mbuzi nyuma yake. "Ukitaka kwenda, enda," alisema. "Lakini ukisimama hapo, usinifiche."

Nikawaambia waandalizi kwamba nitakuja, na kwamba nitasimulia habari za Naserian, kwa jina lake, mwalimu akiwa ameketi mbele yangu. Wakasema watanipigia tena. Sherehe ilifanyika Jumamosi, nasikia ilifana sana, na simu yangu haikulia.