Nilivyopanga digrii ya Uchumi kwa kufuata siku za soko la Mpondwe

Wakuu, nawasalimu kutoka Bwera, mpakani mwa Uganda, huku ambako ukipiga chafya, Kongo wanakujibu pole.

Hii ni kweli tupu. Nikiongeza chumvi mnisamehe, ndiyo biashara yangu.

Naitwa Baluku. Nauza chumvi ya Kabatoro pale soko la Mpondwe. Niliacha shule Senior Four, nikarudi darasani nikiwa na ndevu, shule ya jioni, kusoma A-level. Lengo lilikuwa moja tu: digrii ya Uchumi.

Kwa nini Uchumi? Mtu anayesimama mpakani siku nzima anaona mambo. Faranga ya Kongo ikishuka thamani asubuhi, mchana wateja wangu wananunua nusu ya kawaida yao. Nilitaka kujua nani anavuta hiyo kamba.

Pia, nisiwafiche, nilitaka kuitwa mchumi.

Sasa A-level unachagua masomo matatu. Hapo nikafanya planning ambayo dunia haijawahi kuona. Nilichukua ratiba ya shule, nikaipanga kando ya siku za soko. Somo lolote lililogonga siku ya soko, nikalifuta.

Yakabaki History, Economics na Divinity.

Hesabu ilikuwa saa kumi jioni, siku ya soko kabisa. Na saa kumi Mpondwe ni saa ya dhahabu. Mpaka unakaribia kufungwa, Wakongomani wanataka kuvuka, hakuna anayebembeleza bei tena. Mtu anabeba gunia kama anafukuzwa na tembo.

Wafanyabiashara wote wa darasa lile tulichagua hivyo hivyo, tukapongezana.

Muhula wa kwanza unakaribia kuisha, Mwalimu Bwambale, aliyetufundisha Economics, akauliza kila mmoja anataka kusoma nini chuo. Nikanyoosha mikono yote miwili.

"Uchumi, Sir!"

"Na hesabu unasoma na nani?"

"Hesabu iko siku ya soko, Sir."

Darasa likavunjika mbavu. Yeye hakucheka.

"Baluku, huu mpango ni wa uchumi au wa chumvi? Digrii unayotaka, mlangoni wanauliza hesabu. Badilisha muhula ujao. Ukichelewa, kasome kitu kingine."

Wakuu, nilitoka pale nikipiga hesabu ya hasara. Kubadilisha maana yake kuiacha saa inayonilisha, mpaka nimalize A-level. Nikaanza kukizoea hicho "kitu kingine" kichwani.

Siku ya soko nikamweleza jirani yangu wa meza, Mama Kavira. Ni mama wa Butembo, huko Kongo, analeta kabichi, hakosi misa, na ulimi wake ni wembe. Nilitegemea pole.

Akaangalia magunia yangu. Akaangalia kabichi zake.

"Weye Baluku, chumvi yako inaozaka?"

"Hapana, Mama."

"Kabichi yangu ikibakia hapa leo, kesho iko chakula ya mbuzi. Ni miye niko na haki ya kulilia saa kumi! Weye chumvi yako, hata Yesu akirudi ataikuta ingali chumvi. Unaogopa tu mathématiques. Soko iko na kosa gani?"

Mstari mzima wa kabichi ukaangua kicheko.

Hapo alinionea, wakuu. Kidogo.

Lakini alisema kweli. Gunia likibaki leo linauzwa soko lijalo. Nafasi ya hesabu ikifungwa, imefungwa.

Muhula uliofuata nikaiacha Divinity (naamini Mungu alielewa), nikaingia Hesabu. Nikakuta wenzangu wako kwenye calculus, mimi bado natafuta x iko wapi. Nilisoma mpaka kalamu ikatoa moshi. Naapa, theluji ya Rwenzori ilipungua kwa joto la kichwa changu.

Siku za soko nafunika magunia kwa turubai mapema, naondoka, Mama Kavira ananifukuza kwa kelele: "Kimbia, profesa, watafunga mulango!"

Wateja wengine walihamia kwa jirani na hawakurudi. Iliuma. Waliobaki wakaanza kuja mchana. Walijifunza ratiba yangu kabla mimi sijajifunza calculus.

Halafu jioni moja mwalimu wa hesabu akachora mstari ubaoni, akasema slope inakuambia kitu kimoja kikisogea kidogo, kingine kinasogea kiasi gani. Nikapiga meza! Bei ya chumvi ikipanda kidogo, wateja wanapungua kiasi gani? Kumbe miaka yote nilikuwa nimesimama juu ya slope, sijui jina lake.

Matokeo yalipotoka, Hesabu nilipata C. Rudieni kusoma: C. Na chuo kimoja Kasese mjini kimenipokea, Uchumi, masomo ya wikendi.

Nimemtangazia kila kiumbe, hadi askari wa mpakani. "Afande, unaongea na mchumi." Akasema, "Pita, usizibe njia."

Mama Kavira yeye alipanda juu ya kreti. "Économiste wetu huyu! Nilimufukuza miye mwenyewe!" Kisha akainama, sauti chini: "Sasa sema, bei ya kabichi itapanda lini?"

"Mama, nipe miaka mitatu."

"Aa! Basi leo pima chumvi."

Nilichojifunza ni hiki: ukipanga digrii, anza na kile ambacho digrii itakudai, ndipo uje kwenye siku zako. Mimi nilianzia kwenye siku zangu, nikakaribia kuikosa njia yote. Sasa hesabu na takwimu nitazivaa mwaka wa kwanza, bado nina moto, ili econometrics huko mbele isinikute nimekaa mikono mitupu.

Mliopita Uchumi, mwaka wa kwanza uliwabana wapi? Semeni bila huruma. Na wewe unayeuza huku unasoma, tupia hapa masomo uliyochagua, tuyakague kabla darasa zima halijakucheka.