Vidonge Katika Kikapu cha Kahawa

Dada yangu alijikata mguu kwa jembe akipalilia migomba nyumbani kwetu Izigo. Kidonda kilipovimba, dresa wa zahanati alimpa vidonge vya salfa na kumwambia avimalize vyote. Homa ikapoa kabla havijaisha. Mama akavitia vilivyobaki katika kikapu kidogo cha ukindu, pamoja na kahawa ya kutafuna tunayowakaribisha nayo wageni. Jirani aliyekuja kutoa pole huku anakohoa alipewa punje za kahawa na kidonge. Shangazi alichukua viwili, vya maumivu ya kiuno.

Nilikuwa nimerudi karibuni kutoka chuoni Uganda, na kila jambo lilinikosesha raha.

"Mama, hivyo ni vya dada. Lazima avimalize."

"Amepona, humwoni? Mgeni anaumwa ndani ya nyumba yangu, nimnyime?"

"Mwache," shangazi akasema. "Msomi wetu anataka tufungie dawa kabatini kama Wazungu."

Walicheka, dada zaidi ya wote. Nikacheka nao, kisha nikachunguza mguu wake kwa jicho la pembeni hadi akanifukuza.

Kidonda kilifumuka baada ya Krismasi. Alitetemeka, akaanza kumwita marehemu bibi. Tulimbeba kwa machela hadi barabarani, tukapata lori la kahawa, tukamfikisha hospitali ya misheni huko Rubya. Sista daktari alisema sumu ya kidonda imeingia kwenye damu. Salfa haikufanya kitu. Akamchoma penisilini, akaongeza, akaongeza tena.

"Miaka michache nyuma sindano hii ingetosha," aliniambia. "Sasa vijidudu vingine vimeizoea."

Aliagiza dawa mpya kutoka Kampala. Kila asubuhi niliulizia meli ya Bukoba, nikijiuliza kama kuuliza sana kunaleta mkosi. Dada alifariki kabla haijatia nanga.

Mama alikaa chini kando ya kitanda, ameshika unyayo wa dada.

"Ni vile vidonge nilivyogawa?"

Nilifikiri ndiyo. Nikafikiri labda vijidudu hivyo vilikuwa sugu tangu mwanzo, na hata dada angemeza vidonge vyote visingemsaidia. Nikafikiri pia kwamba mama bado ataishi miaka mingi na jibu langu.

"Sijui, Mama."

"Hata wewe?"

"Hata Sista hajui."

Alitikisa kichwa, akaanza kumfunika miguu. Nikatoka kutafuta lori la kuturudisha.