Mashine ya Maji Baridi Iliyopelekwa Mlimani

Mimi skuli nilikaa kidogo sana, na aliyenitoa hakuwa mwalimu, ilikuwa njaa. Nasema mapema ili msomaji mwenye digrii asihangaike kunitafutia makosa. Maskati nilianza kwa kubeba ngazi ya fundi wa AC. Nikawa fundi, kisha nikawa na mafundi wangu, na leo nna karakana Wattaya, nyuma ya maduka ya magari, na hakuna gari linalotoka kwangu likipuliza hewa ya moto. Baridi ndiyo kazi yangu. Baridi imenijengea nyumba Mabela, imenisomeshea watoto mpaka sasa wanansahihisha Kiarabu changu sahani ya wali iko mbele yangu. Kwa hiyo nilipotaka kumtolea mama yangu sadaka, nilitoa baridi.

Watu wengi hapa wanadhani kila Muomani anayesema Kiswahili katoka Unguja. Sisi tulitoka bara. Baba alikuwa na duka dogo Burundi, juu kabisa milimani. Alifariki tukiwa wadogo, duka likaisha, na waliotulisha walikuwa majirani, wakulima watupu, mpaka jamaa wa huku walipotuita. Mama hakusahau. Siku zake za mwisho alinishika mkono akaniambia, "Wale watu wa mlimani wapelekee kitu kwa jina langu. Kitu kikae, watu wakitumie. Usiwapelekee maneno."

Wakati huo huko kwenyewe kulikuwa na vita vya wenyewe kwa wenyewe. Kijiji kilikuwa kimechomwa, watu wametawanyika makambini. Ningempelekea nani? Nikakaa na wasia wa mama kifuani kama mtu aliyemeza kokwa.

Vita vikaisha, watu wakarudi kidogo kidogo kwenye magofu yao, na sisi wenye asili ya kule tukaunda kamati ya kuwasaidia. Kamati yetu ni ya watu waliosoma, ndiyo maana mambo yake huchelewa. Tulikutana Azaiba kwa daktari mmoja mstaafu, na yeye ndiye mwenyekiti, kwa sababu majlisi tunayokaa ni yake na halwa ni yake. Mmoja alitaka ipelekwe miche ya mitende, ikapandwe kwenye ukungu wa milimani, eti watoto wapate tende. Mwengine alitaka skuli iwe na kuba. Mwisho wakakubaliana kujenga madarasa na kuezeka zahanati, na hapo sina la kuwasema, walifanya kazi.

Mimi nikasimama nikasema, "Nyinyi jengeni. Mimi nnapeleka maji baridi."

Asiyepajua Maskati nimweleze. Nje ya kuta za nyumba zetu utaona sanduku kubwa la chuma kisichoshika kutu, lina mabomba mbele na jina la marehemu juu. Mpita njia, mfagiaji, dereva wa mizigo, kila mtu anakunywa bure na kumwombea aliyekufa. Kwa joto letu hili hakuna sadaka tamu kama hiyo. Na mimi nimeishi hapa karibu umri wote. Akilini mwangu dunia nzima ni mwezi wa Agosti.

Dada yangu mkubwa, ninayeishi naye, na ambaye Mungu hakumuumba kwa ajili ya kunisifu, alicheka mpaka mtandio ukamtoka.

"Maji baridi? Kule?"

"Kule kule."

"Wewe ulikuwa ukilala na koti la baba juu ya blanketi na bado unalia. Asubuhi mama anakupashia soksi juu ya jiko."

"Silikumbuki hilo."

"Utakumbuka nini, kidole kiko mdomoni! Wapelekee mablanketi, babu wee."

"Blanketi linachakaa. Mama kasema kitu kikae."

"Kitakaa kweli," akasema. "Hakuna atakayekigusa."

Nikamwacha na maneno yake. Nikanunua mashine kubwa kuliko zote, tangi lake unaweza kumkalisha mbuzi ndani. Nikatia kompresa nyengine, ndiyo inayopoza, ya nguvu zaidi, kwa mikono yangu. Nikachongesha kibao cha shaba chenye jina la mama. Katika kamati kulikuwa na kijana mhandisi wa umeme, akanijia kwa adabu.

"Ami, kule hakuna umeme."

"Tia sola."

"Sola nitatia, ami, lakini maji ya milimani yenyewe..."

"Mimi nimekuuliza khabari za maji?"

Akatia sola. Mashine ikaenda na kontena la kamati mpaka Dar es Salaam, ikapanda lori, ikapanda milima, na siku moja nikapata ujumbe wa sauti kwenye simu. Alikuwa mwenyekiti wa kina mama waliorudi kutoka makambini, binti wa jirani mmoja aliyekuwa akitupikia baba alipofariki.

"Mzee wetu, shikamoo. Mashine imefika, inanguruma vizuri sana. Maji yake... yanauma."

Nikamwekea dada asikie. "Umesikia? Yanauma! Hiyo ndiyo kazi ya mikono yangu."

"Kasema yanauma," dada akasema. "Hakusema matamu."

Nikatembea kifua mbele msimu mzima. Nilikuwa nikipita karakana nawaambia wateja kwamba mama yangu ananywesha mlima. Kisha daktari akasafiri kwenda kuitazama zahanati. Aliporudi akatuita sote Azaiba, akatuwekea video kwenye televisheni ya majlisi. Madarasa yakaonekana, tukasema mashallah. Zahanati ikaonekana, tukasema mashallah. Mimi nikavuta mto, nikakaa sawa, maana nilijua inayofuata ni yangu.

Ikaonekana. Kibao cha shaba kinang'ara, kimesuguliwa. Lakini mashine kimya. Waya wa sola umeipita pembeni, umeingia kwenye rafu iliyojaa simu zinazochajiwa. Mabomba yametolewa, na matundu yake yamezibwa na vigunzi vya mahindi. Akaja mama mmoja, akafunua mfuniko wa tangi, akatumbukiza mkono mpaka begani, akautoa umejaa maharage.

Majlisi nzima ikaanguka kwa kicheko.

"Ami, mashine yako imezaa!"

"Yakhe, nilijua baridi inagandisha maji, sikujua inayageuza maharage!"

Daktari alicheka mpaka akavua miwani. Mimi sikucheka. Wao walikuwa wanaona kichekesho, mimi nilikuwa naliona jina la mama yangu limebandikwa kwenye gunia. Kitu kimoja aliniomba, kimoja tu, na hichi ndicho nilichomfanyia. Nikatoa simu hapo hapo, nikampigia yule mwenyekiti wa kina mama, nikaweka spika ili wote wasikie namna mtu anavyotengenezwa.

"Mzee wetu, shikamoo!"

"Marahaba. Maji yako wapi?"

"Maji gani, mzee?"

"Maji ya mama yangu!"

Akasema taratibu, kama unavyosema na mgonjwa. "Mzee, maji tunayo. Yanashuka mlimani usiku na mchana, na baridi yake nyinyi na mota yenu hamjaiweza. Wazee walikunywa ya mashine wakashika mashavu. Ikabidi tuyachemshe."

"Mmeyachemsha maji yangu?"

"Kwa kuni, mzee. Mashine inapoza, sisi tunapasha. Inapoza, tunapasha. Mpaka tukachoka."

Kuna mtu kwenye majlisi akapaliwa na kahawa. Sikumtazama.

"Na hayo maharage?"

"Hiyo ni mbegu, mzee. Tuliporudi kutoka kambini tulipewa mbegu, panya wakala gunia zima, wakala na gunia lenyewe. Msimu uliofuata hivyo hivyo. Nyumba hazina milango, kuta zina matundu ya risasi, mbegu tuiweke wapi? Tukawa tunaomba tena, kila msimu tunaomba, kama bado tuko kambini. Mashine yako panya anapanda anateleza, anapanda anateleza, mpaka watoto wanakwenda kumtazama. Msimu huu kila nyumba imepanda mbegu yake mwenyewe."

Hakuna aliyecheka sasa. Nikauliza swali la kijinga.

"Na sola?"

"Simu, mzee. Ungetupigiaje?"

Hapo nilitaka kukata, lakini akaongeza. "Na mama yako usimhofie. Mtu akienda kuchukua mbegu hapa anasema, nakwenda kwa Bibi."

"Bibi gani?"

"Si huyo ambaye jina lake liko kwenye chuma? Wengine wanabisha hodi kabla ya kufunua."

Nikainua kikombe changu cha kahawa nikanywa. Kilikuwa kitupu, lakini nilikinywa mpaka mwisho. Mtu mzima akiwa hana la kusema lazima mdomo wake uwe na kazi. Daktari akajifanya anatafuta rimoti. Mama aliniambia kitu kikae na watu wakitumie. Maji hakuyataja hata mara moja, maji nilileta mimi.

"Haya," nikasema. "Mna haja ya nini tena?"

"Mzee, kama utaweza, nyengine mbili. Kilima cha pili kina watu wengi. Lakini usiudhike..."

"Sema."

"Bila mota. Mota inachukua nafasi."

Nimefanya kazi ya baridi tangu ndevu hazijaota. Nimepoza magari ya mawaziri na malori ya samaki. Hajawahi mtu kuniambia mbele za watu kwamba kazi yangu inachukua nafasi. Na aliponiambia, yule mhandisi, ambaye nilimkatiza asiniambie hayo hayo, alikuwa amekaa mbele yangu kainama analitazama zulia kwa heshima kubwa. Namshukuru kwa zulia lile.

Nyumbani dada alikwisha pata khabari yote. Alipigiwa na mke wa daktari kabla sijawasha gari. Alinitilia chai, akakaa mbele yangu, akanitazama muda mrefu. Nikangoja. Hakusema kitu, na mwanamke yule akikaa kimya ujue moyo wake umeguswa, au anapanga maneno ya mwezi mzima.

Wiki ile ile nikanunua mashine mbili, nikazishusha karakana. Fundi wangu mmoja, Mkenya, kijana mzuri wa kazi, akazizunguka, akazigonga, akaziwasha, zikaitika zote mbili.

"Mzee, hizi ni mpya."

"Najua."

"Haziko na shida yoyote."

"Shida iko ndani. Toa kompresa, toa mota, toa mabomba, toa kila kinachopoza."

"Sasa bosi, tunatengeneza nini hapa?"

"Ghala," nikamwambia. "Lete bisibisi."