Mpini wa Jembe Sikioni mwa Dada

Gari langu lilikuwa bado linapiga kelele nikiwa nimeshaipita Bariadi, naelekea nyumbani Nkoma. Kila nikikata kona linaguna. Fundi mmoja mjini alikuwa ameshanibadilishia bolijointi mbili za magurudumu ya mbele, akanihakikishia limepona, na kelele ikabaki palepale. Basi naingia uani, nazungusha usukani nilipitishe kati ya zizi na jiko, dada yangu anatoka akifuta mikono kwenye khanga, hata salamu bado, anasema, "Hiyo oili ya stelingi imepungua. " Ndipo ananisalimia kwa Kisukuma chetu, "Mwangaluka, mayu," yaani umeamkaje, mama.

Wivu ulinipanda hapohapo, sitakuficha. Mimi nina leseni. Dada hajawahi kuendesha gari hata siku moja, amelima pamba maisha yake yote. Lakini nilijiona nina miaka tisa tena, nimesimama pembeni na mikono mitupu.

Unajua, baba alikuwa na pikapu ya kubebea pamba. Msimu wa kuuza ukifika ua wetu ulijaa magunia, sisi watoto tukiruka juu yake mpaka nyuzi zinatuganda nywelani, na jikoni bibi akikaanga viazi kwa mafuta ya pamba, harufu inafika barabarani. Fundi wa pikapu alikuwa baba mwenyewe. Ikilia, alichomoa jembe kwenye mpini, akaegemeza ncha moja ya mpini kwenye pampu ya stelingi na nyingine sikioni, huku mtu amekaa kwenye usukani akikata kushoto na kulia. Alituambia bati la boneti linachanganya sauti, ila mti unaileta kama ilivyo.

Mtu huyo wa kwenye usukani alikuwa dada, mkubwa kwangu kwa miaka mitatu. Halafu siku moja baba akampa na mpini. Akamuuliza anasikia nini. Dada akafumba macho, akasema inalia ikianza kukata tu, ikishakata inanyamaza. Baba alicheka kwa furaha, na tangu siku hiyo akawa anamwita Sikio Langu mbele ya wageni. Kukagua oili kila asubuhi ikawa kazi yake. Mimi nilikaa na bibi kwenye jamvi, tunachambua pamba chafu na safi, na kila boneti ilipofunguliwa nilitamani dada augue hata mafua. Bibi aliona nilivyonuna, akaniuliza nani amenikanyaga.

Ndipo jioni moja pikapu ikaguna, na baba akasema oili ya stelingi imepungua, atatafuta nyingine kesho. Maneno hayo niliyashika. Mafuta si yapo jikoni? Nilichukua kopo la bibi la mafuta ya pamba, nikapanda juu ya bampa, nikajaza kitangi cha oili ya stelingi mpaka yakamwagikia gauni langu.

Asubuhi pikapu ilikata kona kimya kabisa. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nijitaje, lakini baba alishamgeukia dada. "Sikio Langu, kumbe ile oili ilibaki kidogo? Umefanya vizuri." Dada alitazama kitangi, akanitazama mimi, akafunga boneti. Nikanuna, nikarudi kwenye jamvi.

Mafuta yale yalitoka povu njiani, karibu na Zagayu, pampu ikafa na mzigo wa pamba juu. Baba alilala huko siku mbili. Aliporudi alikuwa ameshika mpira wa kupitishia oili ya stelingi, unaonuka viazi vya kukaanga, akauliza ni nani. Dada aliinamisha kichwa akasema, "Ni mimi, baba."

Baba alimwondoa dada kwenye gari, pampu mpya ilipofungwa nikaitwa mimi. Nilikalia kile kiti, nikashika na mpini. "Unasikia nini, mayu?" Nilisikia injini tu. Nilibahatisha majibu, naye akaitikia kwa upole. Baada ya wiki aliacha kuniuliza.

Basi siku hiyo niliyoingia uani na gari langu, dada akaniweka tena kwenye usukani, akachomoa jembe lake, mpini sikioni. "Kata kulia. Rudisha. Basi." Klipu ya mpira unaoingia kwenye pampu ilikuwa imelegea, oili inavuja, hewa inaingia. Akaikaza kwa bisibisi, tukaongeza oili, nikazungusha usukani mwanzo mpaka mwisho mara kadhaa hadi povu likaisha. Nikawasha. Kimya.

"Dada, yale mafuta ya pamba..."

"Najua. Gauni lako lilinuka wiki nzima."

"Sasa mbona ulisema ni wewe?"

"Ulikitaka sana kile kiti."

Akaenda kuosha mikono, kana kwamba tumezungumzia mvua. Bibi hayupo, baba hayupo, pikapu iliuzwa vipande vipande, na ua uliokuwa unajaa magunia sasa ni mweupe. Nilipaswa kumshukuru dada. Badala yake wivu ulinirudia. Katika gari lile la baba mimi nilifanya jambo moja tu kwa mkono wangu, na lilikuwa baya, lakini lilikuwa langu. Baba alikufa akiamini ni la dada.