Herufi Mbili za Mwisho

Mume wangu wanamwita Mkono, kwa sababu huandika mabango bila rula na mstari hauyumbi. Miaka thelathini ameandika milango ya maduka, malori, mpaka majeneza. Kiingereza hajui hata cha kuombea maji. Mteja huja na karatasi, naye huinakili herufi kwa herufi, nukta haachi. "Mimi mkono tu," husema, "akili ni ya mwenye karatasi."

Aliyesoma ni binti yetu. Tulijinyima weee, mpaka akawa mwalimu wa Kiingereza chuoni, bado yuko kwenye miezi ya majaribio. Chuo kilipotaka mlango wa mkuu uandikwe upya kabla ya wageni kufika, alimpigia babake debe, akamwandikia neno kwenye karatasi mbiombio, huku anasahihisha mitihani. Mume wangu alinyoa ndevu siku hiyo, eti anakwenda kazini kwa mwanawe. Nilimcheka.

Akaandika PRINCIPLE. Herufi za dhahabu, kivuli cheusi, zimetulia.

Nimeeleweshwa baadaye, tena kwa uchungu. Kuna maneno mawili, ukiyatamka ni mapacha. Linaloishia na "pal" ni mkuu wa chuo. Linaloishia na "ple" ni msimamo, lile jambo ambalo mtu haliachi hata abanwe vipi. Basi mlango ukawa unasema humu ndani anakaa msimamo. Wageni walicheka mpaka machozi, wakapiga picha, na picha ikazunguka kwenye simu za mji mzima.

Mkuu akawaita wote wawili, fundi na mwalimu. Nani kakosea? Mume wangu alikuwa na ile karatasi mfukoni mwa shati, akamsubiri mwanawe aseme. Binti yetu akatazama sakafu.

"Fundi huyu hakusoma, mkuu. Nilimpa neno sahihi, amekosea kunakili."

Fundi huyu. Kumbe hata hakuwa amewaambia kwamba ni babake.

"Ni kweli, mkuu, mimi sikusoma," mume wangu akasema. Akaufuta mlango, akauandika upya.

Haya nimeyapata kwa mfagizi wa chuo, jirani yangu, aliyekuwa pale na ndoo yake. Mume wangu mwenyewe hakunifungulia mdomo. Karatasi niliikuta nilipofua shati, neno linaishia na "ple" vilevile, na mwandiko wa mwanangu naujua tangu darasa la kwanza. Niliwaka. Nikavaa viatu niende chuoni, mume wangu akasimama mlangoni.

"Atafukuzwa," akasema. "Mimi nimeshazeeka."

"Hujazeeka, umeonewa."

Akaninyang'anya karatasi, akaitia jikoni ikaungua.

Tangu hapo wateja wanamkwepa. Fundi asiyeweza kunakili ni wa nini? Brashi zimekauka, na yeye anashinda uani akikwangua rangi kwenye kucha. Binti yetu amethibitishwa kazini. Sikumpongeza, na sioni haya kusema.

Jumapili akaja, mfuko wa matunda mkononi, sauti ya asali kama hakuna kilichotokea. Akaenda moja kwa moja uani, akapiga goti.

"Shikamoo, baba."

Mume wangu akainuka, akapangusa kiti chake kwa kiganja, akampisha, kama anavyompisha mteja.

"Marahaba, mwalimu," akasema. "Karibu ukae."