Mama na Kombaini ya Baba

Baba alinunua kombaini kuukuu kutoka shamba kubwa lililokuwa linafungwa, akaifikisha nyumbani Chimala ikivutwa na trekta, na nusu ya kijiji nyuma yake. Umri wake ulinizidi mimi. Zamani ilikuwa nyekundu; tulijua hivyo kwa sababu baba alisema. Mama ni Mhehe wa Iringa na hapotezi maneno. Aliizunguka mara moja, akagonga bati lake kwa kidole, akauliza, "Sasa hii tutaiendesha au tutahamia humo?"

Kwa misimu minne baba aliitumia kuvuna mpunga wetu, na kwa misimu minne mama aliisema. Hakuna mwingine aliyeruhusiwa kugusa usukani wake. "Mashine hii inataka heshima," baba alikuwa akisema, huku akiifuta vumbi kwa fulana yake nzuri.

Mwezi wa sita mmoja nilikuja likizo kutoka Mlandege, Iringa, ninakofundisha shule ya msingi. Baba alikuwa ameshavuna majaruba matatu, bado sita, mkanda wa mashine ukachomoka. Akainama kuurudisha. Mkanda ukarudi, yeye hakurudi.

"Baba, vipi?" nikamuuliza.

"Kiuno," alijibu, akiongea na ardhi.

Mimi na mama tulimpeleka nyumbani kwa toroli, amelala kifudifudi, anasalimia watu wa njiani kwa kukisia sauti zao. Tulipomlaza kwenye mkeka ndipo mama alipotoka uani na kuona wingu. Lilikuwa jeusi, si la msimu wake, limekaa juu ya milima, na mpunga wetu ulikuwa umeiva wa kuanguka wenyewe.

"Funguo iko wapi?" mama akauliza.

"Haina funguo. Unagusanisha nyaya mbili." Kisha baba akashtuka. "Mama watoto, usithubutu!"

Mama alikuwa ameshakaza kitenge kiunoni.

Tukakubaliana hivi: baba aelekeze kwa simu akiwa mkekani, nami nikimbie kando ya mashine nikipiga kelele, maana mle juu mtu hasikii hata mawazo yake. Nyaya zikatoa cheche, kombaini ikakohoa moshi, ikaondoka na mama.

"Mwambie akunje kushoto kidogo ndipo inyooke!" baba alisema simuni.

"Kunja kushoto!"

"Kushoto kuna mfereji!"

"Baba, anasema kuna mfereji!"

"Najua kuna mfereji, nimeuchimba mimi! Akunje!"

Mama akakunja, na mashine ikanyooka. Akamaliza jaruba la kwanza, la pili, hadi la sita. Kufika hapo alikuwa anaimba wimbo wa kwaya, sauti ya pili, na mimi nilikuwa sina pumzi wala kiatu cha kulia. Shamba letu likawa linaisha.

"Baba anasema ukanyage breki!"

"Nimekanyaga! Mguu umefika chini, hakuna kitu!"

"Breki," baba akasema taratibu, "nilikuwa namsubiri fundi."

"Sasa?"

"Azime! Avute ile nyekundu!"

Nikatazama. "Hakuna chekundu chochote humo juu!"

"Ile iliyokuwa nyekundu!"

Kombaini ikapanda tuta, ikainama kama mtu anayesujudu, ikaingia kwenye mpunga wa jirani.

Jirani huyo ana duka la vitambaa sokoni Chimala. Babu yake alitoka pwani, na yeye bado anaongea Kiswahili kilichopigwa pasi. Alikuwa amesimama shambani kwake akiwasubiri wavunaji aliowaagiza tangu juzi. Akaja mbio, kofia mkononi.

"Subhanallah! Shemeji, hapo ulipo ni kwangu!"

"Najua ni kwako! Sijui kutoka!"

Akaanza kukimbia upande wa pili, tukawa kama walinzi wa msafara wa kiongozi. Mama alikuwa anakata vizuri sana, bila kubakiza shina. Mwishowe nikaweka simu kwenye meno, nikadaka ngazi, nikapanda. Nilivuta kila kilichovutika. Mkono wa kwanza wa chuma ulifungua bomba la tangi, na mpunga ukamwagika wote, ukamwangukia jirani kichwani hadi ukamfika magotini. Wa pili haukufanya chochote. Wa tatu ulikuwa kipande cha waya chenye kutu. Mashine ikakohoa, ikafa.

Ndani ya mdomo wangu baba alikuwa anauliza, "Nani amezima? Nani?"

Jirani alichota mpunga kiganjani, akaugeuzageuza.

"Huu ni wenu au ni wangu?"

"Umechanganyika," mama akasema. "Nisamehe, shemeji. Nimekuharibia."

Jirani akafungua mdomo kujibu, kikatoka kicheko. Alicheka mpaka akakaa juu ya lile lundo. Halafu akatazama wingu, akatazama njia ambayo wavunaji wake hawakuonekana.

"Shemeji," akasema, akijipangusa macho, "ulilolianza limalize."

"Na kusimama?"

"Binti si yuko juu na waya?"

Nikabaki juu na waya. Lundo lile lililochanganyika tuliligawana kwa macho, yeye akisema chukueni zaidi, mama akisema hapana. Magunia ya mwisho yalipofunikwa turubai ndipo mvua ikaanguka, nayo haikudumu.

Nyumbani baba hakuuliza habari ya kiuno chake.

"Amevuna mangapi?"

"Yote. Na ya jirani."

Akageuzia uso ukutani, kadiri kiuno kilivyomruhusu. Baadaye, kwa sauti ndogo: "Alikwenda moja kwa moja?"

"Mstari wake umenyooka kuliko wako, baba."

Nilidhani ameudhika. Kumbe alikuwa anatabasamu, na alipoona nimemwona akasingizia maumivu. Alipopona tu, alitengeneza breki, kabla hata ya kwenda kanisani kushukuru.

Siku hizi mama anavunia hata majirani wa ng'ambo ya mfereji. Juzi, msimu ukiwa umekolea, nilimpigia simu nikiwa Iringa, akapokea baba.

"Mama yako yuko kazini," akasema kwa fahari. "Mimi napika. Hebu niambie, maharage yanawekwa chumvi yakianza kuchemka au yakishaiva?"