Usimpulizie Mgonjwa Kidonda

Ninaikumbuka siku moja, mwanangu, na leo naikumbuka kwa hasira. Asubuhi hii nimekuona weye mwenyewe, mtihani ukiwa juma lijalo, umeshusha kashene yako, hiyo barakoa, chini ya kidevu, umeinama, unampulizia mama mmoja mgonjwa kidonda. Fuu, fuu, kama mtu anayewasha makaa. Nikasema moyoni: Mungu wangu, hii kitu haitaisha Bunia? Basi kaa hapa. Weka ile silabusi ya masomo chini. Maneno yake ya Kifaransa umeshayameza, nimekusikia ukiyaimba uani tangu Jumapili, hata kuku wa jirani sasa wanaweza kutaja aina zote za vidonda.

Mimi ni mtoto wa Tchomia. Kwetu kazi ni samaki, na samaki wa kwetu anapitia moshi. Siye watoto wa moshi tunaungua mapema, na kila nilipoungua, nyanya yangu alinishika mkono, akanipulizia: fuu, itapona. Na maumivu yalikimbia kweli, siwezi kumsingizia marehemu. Kwa hiyo nilipokuja kwa shangazi yangu hapa mtaa wa Saio kujifunza uuguzi, nilikuja na sanduku moja na pumzi ya nyanya.

Masomo yangu yalikuwa madogo, lakini ndoto, we! Nilijiona na bluzi nyeupe, nina chumba changu cha pansema, pale vidonda vinaoshwa na kufungwa, kina pazia la maua dirishani. Hata rangi ya maua nilishaichagua. Kilichobaki ni cheti cha kutunza vidonda. Kituo cha afya nilikofanya mazoezi kilinieleza wazi: bila cheti hatutakubakiza. Maana yake ningerudi kwenye moshi.

Aliyesimamia chumba cha pansema ni Mama Masika, mwanamke wa Butembo. Yeye ndiye aliyeamua nani anapelekwa mbele ya juri ya mtihani na nani anangoja mwaka mwingine. Watu walisema vidonda vinapona mbele yake kwa sababu vinamwogopa. Mimi sikucheka, nilikuwa naamini.

Siku hiyo alitaka kunipima. Akaniletea Papa Zakaria, muzee aliyeuza vitenge sokoni, mwenye kidonda cha siku nyingi mguuni na sauti ya kuita wateja. Mimi niliamini kwamba huruma ni kufanya haraka. Nikashika bandeji kavu, nikavuta mara moja.

“Eh, binti!” akapiga kelele. “Unachuna mbuzi?”

Machozi yakanijia, mwanangu. Nikashusha kashene, nikainama, nikampulizia.

“Aa, hapo sawa,” akasema Papa Zakaria, macho amefunga. “Ongeza kidogo.”

Mama Masika akapiga meza mpaka koleo zikaruka.

“Simama! Weye unafanya nini?”

“Mama, ninamupunguzia maumivu.”

“Na nani alimupa ile maumivu?”

Nikaitazama bandeji mkononi mwangu.

“Ni weye! Umevuta bandeji kavu, imetoka na nyama yake, halafu unamupuliza. Panya ndiyo iko na kazi ya vile, inauma, inapuliza. Mimi niko na panya mu chumba yangu?”

“Lakini Mama,” Papa Zakaria akajaribu, “mumuache kidogo. Iko anapuliza muzuri.”

“Papa, weye nyamaza. Mudomo ya mutu iko na microbe kupita mufereji ya soko. Unataka mate yake ikae mu mguu yako mpaka Noeli?”

Papa Zakaria akaurudisha mguu wake haraka. Kisha Mama Masika akanigeukia, akasema polepole, na hapo ndipo nilipoogopa zaidi: “Kama haungemuumiza, ungepuliza nini?”

Hilo swali lilinichoma kuliko tanuri yoyote ya samaki. Maana nilijihesabu kuwa mtu wa huruma. Kumbe huruma yangu ilikuwa inafika nyuma ya maumivu, kama mtu anayeleta mwavuli mvua ikishakatika.

Kuanzia hapo akanifundisha kungoja. Unampa mgonjwa kidonge cha maumivu mapema, unakiacha kifanye kazi. Unamwaga serum, yale maji ya chumvi, juu ya bandeji, unakaa. Naye alikuwa anakaa kando yangu, anapumua kwa pua kama maksai. Nikiuliza, “Mama, tunangoja nini?” ananijibu, “Ngoja iachilie yenyewe.” Na kweli inaachilia, mwanangu, kama ganda la maharagi yaliyolala majini. Mimi mwenye pupa nilitaka kulia kwa kuchoka. Mwishowe akasema, bila furaha yoyote, “Enda kwa juri. Ukipuliza, usirudi hapa.”

Siku ya mtihani nikapewa dada mmoja aliyeungua mkono kwa mafuta ya mandazi. Bandeji yake ilikuwa imeshikana na ngozi kama gundi. Nikamwaga serum. Nikangoja. Daktari mmoja wa juri akaangalia saa yake.

“Mademoiselle, umelala?”

“Hapana, Docteur. Bandeji haijaachilia.”

“Na kama haitaachilia?”

“Nitaongeza maji.”

Wenzake wakatazamana. Dada naye alikuwa amegeuza uso ukutani. “Ndugu yangu,” akaniomba, “vuta tu, imalizike.” Pumzi ya nyanya ilikuwa imeshafika kwenye meno yangu, nakuambia kweli. Nikaimeza. Nikaongeza maji. Nikawaza moshi wa Tchomia, nikawaza juri inavyoandika, nikaongeza maji tena. Kisha nikainua ncha ya bandeji kwa koleo, na yote ikafuata, laini, bila damu. Nikaiweka ndani ya beseni.

Dada alikuwa bado ameuelekeza uso ukutani. Halafu akauliza, “Utaanza wakati gani?”

Yule daktari wa saa akacheka mpaka akavua miwani. Walinikata pointi za wakati, nyingi tu, lakini cheti nilikipata. Nilikimbia kumwonyesha Mama Masika. Akakisoma mpaka chini, akakunja uso. “Walikukata wakati? Basi kesho ufike mbele ya jua kutoka, utapata wakati.” Hizo ndizo pongezi zangu.

Sasa weye. Sina hasira kwa kuwa una huruma. Asiye na huruma aende kuuza saruji. Nina hasira kwa kuwa unaichelewesha. Mwenye pupa hadiriki kula tamu, na kidonda hakijui kwamba weye uko na mtihani. Mwambie mgonjwa utakachofanya kabla hujamgusa. Lowesha, ungoje, na juri ikikusukuma, ungoje vilevile. Pointi za wakati zikipotea zinarudi mwaka mwingine. Ngozi ya mtu uliyoing'oa hairudi kwa kupulizwa. Na hiyo kashene, mwanangu, nikiiona tena kwenye kidevu nitaishona kwenye pua yako kwa uzi wa upasuaji!

Haya, lete kichwa hapa. Mungu akufungue mdomo mbele ya juri, akufunge mdomo juu ya kidonda. Akupe mkono mwepesi na makalio mazito ya kukaa kungoja. Wagonjwa wako walale usingizi, na mimi mama yako nipate jambo la kujisifia kanisani. Enda kwa amani.